Maua Shambani: Chakula cha Maadui wa Wadudu Waharibifu

Mvua katika Wilaya ya Mtwara Vijijini huwa na msimu mmoja kwa mwaka. Huanza Novemba au Desemba, hupungua Aprili, na ifikapo mwisho wa Mei udongo wa kichanga ulioenea pwani huwa umekwisha kukauka. Katika kata ya Mpapura, kama katika kata nyingine za wilaya hiyo, miezi ya mwisho wa mvua ndiyo miezi ambayo mashamba na kando za njia hujaa maua. Kunde huchanua, ufuta husimama na vikombe vyake vyeupe au vya zambarau hafifu, kishona-nguo hutoa maua yenye kitovu cha manjano, na majani mengine mengi yasiyo na heshima yoyote machoni pa mkulima huchanua pia. Kisha jembe hupita. Shamba huwa safi hata mchwa akipita huonekana, na jirani aendaye zake humsifu mwenye shamba kwa bidii.

Sifa hiyo ni ya haki. Magugu hunyang'anya mazao maji na rutuba, na mahali ambapo mvua ni ya msimu mmoja hakuna maji ya kugawa ovyo. Hata hivyo uchunguzi uliofanywa katika nchi mbalimbali, Tanzania ikiwamo, umeonyesha kwamba pamoja na magugu jembe huondoa pia kitu ambacho mkulima hakukusudia kukiondoa, nacho ni chakula cha wadudu wanaomlindia mazao yake. Jambo linalohitaji kufahamika ni hili: mdudu mlinzi haishi kwa nyama peke yake.

Mama hula maua, mtoto hula wadudu

Chukua mfano wa vidukari, wale wadudu wadogo weusi au wa kijani wanaojazana kwenye ncha changa za kunde na maharage na kufyonza utomvu. Kidukari jike aghalabu huzaa bila kupandwa na dume, huzaa watoto hai badala ya kutaga mayai, na katika joto la pwani mtoto huyo huweza kuanza kuzaa baada ya wiki moja hivi. Lau asingekuwa na adui, shina moja lingetosha kuangamiza shamba zima katika muda mfupi. Kwa kawaida halifiki huko, kwa sababu vidukari wana maadui wengi.

Wapo mbawakawa wadogo wa mviringo, wekundu au wa rangi ya machungwa, wenye madoa meusi mgongoni. Hao hula vidukari wakiwa wakubwa na wakiwa mabuu, na mkulima huwaona. Wengine si rahisi kuwatambua. Kuna nzi mwenye milia ya manjano na nyeusi anayefanana na nyuki, ambaye huelea hewani mahali pamoja mbele ya ua kana kwamba ametundikwa kwa uzi. Nzi huyo hali kidukari hata mmoja. Hunywa nekta, yaani maji matamu ya ua, na hula chavua, ile ungaunga ya ua ambayo humpa protini. Jike asipoipata mayai yake hayakomai. Lakini mayai hayo huyataga katikati ya kundi la vidukari, na buu linaloanguliwa, lisilo na miguu wala macho, huwanyonya vidukari kwa mamia hadi liwe nzi.

Hali ni hiyo hiyo kwa nyigu-vimelea. Hawa si nyigu wakubwa wanaojenga chini ya paa na kuuma watu. Ni vidudu vyenye urefu wa milimita mbili au tatu, na vingine huwa vidogo zaidi ya hapo, visivyoweza kumdhuru mtu. Jike humchoma kidukari na kuacha yai moja ndani ya mwili wake. Buu humla kidukari kutoka ndani, na ngozi yake hufura na kukauka, ikawa kama kijipipa cha rangi ya dhahabu iliyofifia kilichogandamana na jani. Baada ya siku chache kijipipa hutobolewa tundu la mviringo na nyigu mpya hutoka. Nyigu huyo akitoka, jambo la kwanza analohitaji ni sukari. Asipoipata, wengi wa jamii hiyo hufa katika siku mbili tatu; akiipata, huweza kuishi mara kadhaa ya muda huo na kutaga mayai mengi zaidi.

Kwa hiyo shamba lenye vidukari tele na lisilo na ua hata moja ni kama kambi yenye kazi nyingi isiyo na jiko. Na kwa kuwa anayeonekana kwenye ua ni mama, na anayefanya kazi ya kuua ni mtoto aliyejificha chini ya jani, mkulima hana sababu ya kuwahusisha wawili hao. Hapo ndipo mahali pagumu pa somo hili zima.

Ugumu huo si wa kubuni. Katika mteremko wa Kilimanjaro watafiti wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyoko Arusha, wakishirikiana na wenzao wa ng'ambo, walichunguza mashamba madogo ya maharage na majani yanayoota kandokando yake. Matokeo yalianza kuchapishwa mwaka 2019. Kandokando hizo zilionekana kuwa makao ya maadui wengi wa asili: buibui, nzi wa aina nyingi, mbawakawa, na nyigu-vimelea, akiwamo yule aitwaye kwa jina la kitaalamu Aphidius colemani, ambaye huwashambulia vidukari weusi wa maharage. Wakulima walipohojiwa, waliwajua vizuri wadudu waharibifu, lakini maadui wa asili hawakuwatambua. Wengi waliwahesabu kuwa waharibifu pia, na waliwapulizia dawa. Mtu hawezi kumlinda mlinzi asiyemjua.

Dawa na hesabu yake

Si kusudi la makala haya kusema kwamba dawa za kuua wadudu hazina kazi. Lakini dawa nyingi huua pande zote mbili, na pande hizo hazirudi kwa kasi moja. Mdudu mharibifu anayesalia hukuta mmea mzima ni chakula chake, naye huanza kuzaa papo hapo. Adui yake anayesalia hukuta shamba halina mawindo, hivyo hufa au huhama, na hurudi baada ya mharibifu kuongezeka tena. Kati ya kurudi kwa huyu na kurudi kwa yule hupita wiki kadhaa, na ndizo wiki ambazo mkulima hulazimika kununua chupa ya pili.

Funzo kubwa la jambo hili lilipatikana katika mpunga wa Asia. Katika miaka ya 1970 na 1980 mdudu mdogo wa kahawia afyonzaye mashina ya mpunga aliangamiza maeneo makubwa ya Indonesia, na ilidhihirika kwamba alizidi mahali ambapo dawa zilipulizwa zaidi, kwa kuwa maadui zake walikuwa wamekwisha kuuawa. Mwaka 1986 serikali ya nchi hiyo ilipiga marufuku aina 57 za dawa katika mashamba ya mpunga.

Kuondoa dawa kulikuwa hatua ya kwanza. Hatua ya pili, iliyokuja miaka mingi baadaye, ilikuwa kuwapa walinzi chakula. Watafiti walifanya majaribio katika China, Thailand na Vietnam ambamo mimea yenye nekta ilipandwa juu ya matuta yanayozunguka majaruba ya mpunga. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba wakulima waliopanda maua walipunguza upulizaji wa dawa kwa asilimia 70, mavuno yao yaliongezeka kwa asilimia 5, na faida yao ikawa juu kwa asilimia 7.5. Ongezeko la mavuno ni dogo, nalo halipaswi kutiwa chumvi. Kilichopungua sana ni gharama na sumu.

Na mmoja wa mimea iliyofaa zaidi katika majaribio ya China haukuwa ua la bustani la kigeni. Ulikuwa ufuta.

Ufuta wa Kusini

Msomaji wa Mtwara au Lindi hana haja ya kuelezwa ufuta ni nini. Ni zao la biashara la mikoa hiyo, na Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Naliendele, kilicho karibu na mji wa Mtwara, kimeufanyia utafiti kwa miaka mingi na kutoa mbegu zake bora. Mkulima huupanda kwa ajili ya mafuta na fedha. Kwamba mmea huo huo unaweza kuwa jiko la walinzi wa mazao mengine ni jambo ambalo halikuwa katika hesabu.

Kwa nini ufuta? Ua la ufuta ni mrija mrefu, na kwa kawaida mrija mrefu humfaa nyuki mwenye ulimi mrefu, si nyigu-kimelea ambaye kinywa chake ni kifupi. Ndiyo maana maua yenye vikombe vifupi vilivyo wazi, kama ya giligilani, hupendwa sana na vidudu hivyo. Lakini ufuta una siri nyingine. Kwenye kikonyo cha ua, pale kinapoungana na shina, kuna vitezi vidogo vya manjano vinavyotoa nekta nje ya ua. Mdudu yeyote aweza kuilamba bila kuingia ndani. Kunde nazo zina vitezi vya namna hiyo kwenye shina la maua, na mbarika unavyo kwenye kikonyo cha jani. Mwanafunzi mwenye lenzi ya mkono ataviona, na mwenye subira ya nusu saa asubuhi ataona ni nani anayekuja kulamba.

Basi fikiria shamba la kunde ukingoni mwa kijiji cha kata ya Mpapura. Kunde zikipandwa Februari au Machi, vidukari huwa juu yake Machi na Aprili. Ufuta huanza kuchanua wiki tano au sita baada ya kupandwa, na huendelea kuchanua kuelekea juu ya shina kwa wiki kadhaa. Mistari miwili ya ufuta kando ya kunde, ikitangulia kupandwa kwa wiki mbili tatu, itakuwa na nekta wakati kunde zinapohitaji walinzi. Ikichelewa, nekta itapatikana baada ya vidukari kumaliza kazi yao, na mkulima atasema, tena kwa haki, kwamba maua hayasaidii kitu. Kuchagua mmea ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kalenda.

Hesabu ya kalenda ndiyo pia inayoonyesha mpaka wa njia hii. Zao kuu la Mpapura si kunde. Ni korosho.

Mkorosho na walinzi wake wa kudumu

Mkorosho huishi kinyume cha mazao ya msimu. Wakati mahindi na ufuta vimekwisha kuvunwa na ardhi imekauka, kati ya Juni na Septemba, ndipo mkorosho unapochipua majani mapya na kutoa maua. Machipukizi hayo laini ndiyo chakula cha mbu wa mikorosho, mdudu mwembamba mwenye miguu mirefu ambaye hakika si mbu bali ni wa jamii ya kunguni. Huchoma chipukizi na kuingiza mate yenye sumu. Pale alipochoma hugeuka doa jeusi, na chipukizi hunyauka pamoja na maua ambayo yangekuwa korosho. Pamoja naye yuko kunguni wa minazi, mkubwa zaidi, ambaye hupenda kuchoma korosho changa zikasinyaa.

Ufuta uliochanua Aprili hauwezi kumlisha mlinzi wa Julai. Kwa mkorosho anahitajika mlinzi ambaye yupo mwaka mzima, na bahati njema yupo. Wenyeji wa pwani humwita maji ya moto: chungu mwekundu-kahawia ambaye hushona majani ya mti pamoja kwa uzi wa hariri utokao kinywani mwa mabuu yake, akapata nyumba. Kila aliyepanda mwembe au mchungwa anajua sababu ya jina hilo.

Habari zake katika sayansi ya sehemu hizi zilianza Unguja. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtaalamu wa wadudu kutoka Uingereza, M. J. Way, alichunguza huko kwa nini nazi changa zilikuwa zikipukutika. Aliona kwamba kunguni aliyezichoma alikuwa haba kwenye minazi iliyokaliwa na maji ya moto, na mwingi kwenye minazi isiyo nao. Kunguni huyo baadaye alipewa jina la kitaalamu Pseudotheraptus wayi, kwa heshima ya mtafiti huyo. Wazo lenyewe ni la kale zaidi: kitabu cha China kinachohesabiwa kuwa cha mwaka 304 kinaeleza jinsi viota vya chungu wa jamii hiyo vilivyouzwa sokoni ili kutundikwa kwenye michungwa.

Katika miaka ya 2010 utafiti wa Tanzania, ambao Naliendele na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo walishiriki, uliwarudia maji ya moto kwa upande wa mikorosho. Mikorosho iliyokaliwa nao ilikuwa na madhara machache sana ya mbu wa mikorosho na ya kunguni wa minazi, ikilinganishwa na ile iliyokuwa mitupu. Kuhusu ubwiriunga, ugonjwa uletwao na kuvu ambao mkulima huukabili kwa salfa, chungu hawa hawana msaada wowote, wala asidhani mtu kwamba wataondoa haja ya kuushughulikia. Tena hufuga wadudu-gamba ili kupata umande mtamu wanaoutoa, na kwa sababu hiyo majani mengine huingia ukungu mweusi. Na huuma. Lakini kwa mkorosho kasoro ya kuuma ni ndogo kuliko kwa mwembe, kwa kuwa korosho huokotwa chini baada ya kuanguka.

Maji ya moto nao huishi kwa sukari, na mkorosho wenyewe huwapa. Una vitezi vya nekta kwenye majani, kwenye vishada vya maua, hata juu ya korosho changa. Kwa maneno mengine mti hujilipia ulinzi wake mwenyewe. Mahali ambapo mikorosho imechanganyika na miembe, michungwa au minazi, chungu hupata chipukizi changa za kushonea viota na chakula katika miezi tofauti.

Nyasi chini ya mti

Kwa nini basi maji ya moto hawapo kwenye kila mkorosho? Moja ya sababu iko ardhini. Kuna sisimizi mdogo mwenye kichwa kikubwa kupita kiasi, aitwaye Pheidole megacephala, ambaye huishi udongoni kwa makundi makubwa sana. Huyu ni hasimu wa maji ya moto. Hupanda mtini kwa maelfu, huwafukuza, na yeye mwenyewe hana faida kwa mti, kwa sababu hamshambulii kunguni.

Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa mashamba ya michungwa nchini Tanzania, ambao Way huyo huyo, zaidi ya nusu karne baada ya kazi yake ya Unguja, alikuwa mmoja wa waandishi wake. Ulilinganisha ardhi iliyopaliliwa ikawa tupu na ardhi iliyoachwa na majani. Palipokuwa tupu, sisimizi wale hawakuwa na chakula chini, wakapanda mitini na kuwaondoa maji ya moto. Palipokuwa na majani, walipata wadudu na mbegu na utamu papo hapo ardhini, hawakuwa na haja kubwa ya kupanda, na jamii mbili zikaweza kukaa pamoja, mmoja chini na mwingine juu.

Ajabu ya matokeo haya ni kwamba mmea wa ardhini hapa haumlishi mlinzi. Humlisha hasimu wake, ili asipande. Ni nadra katika elimu ya kilimo kukuta hoja yenye kuzunguka namna hiyo, lakini ni ya kweli, na inagusa moja kwa moja ule usafi wa shamba ambao jirani huusifu.

Mkulima wa korosho, hata hivyo, ana sababu mbili nzito za kusafisha chini ya miti, na hakuna utafiti unaoweza kuzipuuza. Ya kwanza ni moto. Majani makavu ya Agosti yakishika moto wa mwindaji au wa mtu anayesafisha shamba lake, mikorosho ya miaka thelathini huteketea kwa alasiri moja. Ya pili ni kuokota: korosho iliyoanguka katika nyasi ndefu haionekani, na aghalabu huoza au huliwa na wanyama. Suluhisho linaloelekea kufaa ni kugawa ardhi na kugawa wakati. Wakati wa mvua majani yafyekwe badala ya kung'olewa, ili mizizi na maua mafupi yabaki. Kati ya mistari ya miti ubaki ukanda wa majani au wa kunde. Chini ya kivuli cha kila mti pasafishwe kabla ya korosho kuanza kuanguka. Na kuzunguka shamba iwepo njia ya moto iliyo tupu kabisa. Kazi haipungui sana, ila jembe huingia mahali pachache zaidi.

Si kila ua ni rafiki

Yafaa kutahadhari na neno "maua" likitajwa kwa ujumla. Wadudu waharibifu nao wana mama zao, na wengi wao ni nondo wanaokunywa nekta usiku. Nchini Australia, mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa nondo wa viazi waliona kwamba baadhi ya maua yaliwarefushia maisha nyigu-vimelea na nondo pia, ilhali mengine yaliwanufaisha nyigu peke yao. Aliyepanda aina ya kwanza alikuwa akiwalisha pande zote mbili za vita.

Mmea wenyewe waweza pia kuwa nyumba ya mharibifu. Mbu wa mikorosho hula mimea mingi mbali na mkorosho. Pamba na mpera ni miongoni mwake, na kuipanda kati ya mikorosho ni kumwekea akiba ya chakula. Ufuta, pamoja na sifa zake zote, una kiwavi wake anayesuka majani ya ncha kwa nyuzi na kuyala akiwa ndani. Kishona-nguo huwalisha nzi na nyigu vizuri, lakini mbegu zake huingia shambani mwaka unaofuata bila kuhesabika. Hakuna mmea usio na gharama.

Kwa sababu hiyo wataalamu huuliza maswali matatu kabla ya kupendekeza ua lolote: Je, mlinzi anaweza kuifikia nekta yake? Je, linachanua wakati mlinzi anapohitajika? Je, mharibifu naye hafaidiki? Katika Afrika Mashariki jibu lililopimwa kwa muda mrefu zaidi limepatikana Mbita, kando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya, katika kituo cha shirika la kimataifa la utafiti wa wadudu, ICIPE. Huko, tangu miaka ya 1990, mahindi yamepandwa pamoja na desmodiamu, ambayo harufu yake huwafukuza nondo wa vipekecha-shina, na kuzungushiwa matembo, nyasi ndefu zinazowavuta nondo hao wakatage nje ya mahindi. Mwaka 1997 ilitangazwa kwamba nyasi nyingine iliyopandwa kati ya mahindi ilitoa harufu ile ile ambayo mahindi yaliyoliwa na kiwavi huitoa, nayo iliwaita nyigu-vimelea kabla ya hasara kutokea. Hapo hakuna ua. Mlinzi huitwa kwa harufu.

Jaribio la shuleni

Jambo lenyewe laweza kupimwa na shule yoyote yenye bustani. Vipandwe vitalu sita vya kunde, kila kimoja mita tano kwa tano. Vitatu vizungushiwe mistari miwili ya ufuta uliotangulia kupandwa kwa wiki tatu, na vitatu visizungushiwe kitu. Kitalu kipi kipate ufuta kiamuliwe kwa kurusha sarafu, si kwa kuchagua. Mwanafunzi akichagua, ufuta huishia kwenye udongo bora. Vitalu vitengane kadiri eneo linavyoruhusu, kwa kuwa nyigu hajui mpaka, na vilivyo karibu mno vitagawana walinzi hao hao. Dawa isipulizwe popote.

Kila wiki, siku ile ile na saa ile ile ya asubuhi, vihesabiwe vidukari katika ncha za mimea kumi ya kila kitalu, pamoja na vijipipa vya rangi ya dhahabu vilivyomo kati yao. Hesabu mbili hizo ziandikwe katika safu mbalimbali, kisha itafutwe asilimia ya vijipipa kwa jumla ya vidukari wote. Asilimia hiyo huonyesha kazi ya nyigu. Hesabu ya vidukari peke yake haitoshi, kwa kuwa mvua kubwa ya usiku mmoja yaweza kuwaosha wote na kumpa ufuta sifa isiyo yake.

Vijipipa visivyo na tundu vikatwe pamoja na kipande cha jani na kutiwa katika chupa iliyofungwa kwa kitambaa chepesi. Katika muda wa wiki moja hivi nyigu watatoka na kuonekana wakitembea juu ya kitambaa wakielekea kwenye mwanga. Wachunguzwe kwa lenzi kabla ya kuachiliwa. Mara nyingine watatoka nyigu wa aina mbili. Wa aina ya pili aghalabu si adui wa kidukari bali ni adui wa nyigu yule wa kwanza: mama yake alitaga yai juu ya buu lililokuwa tayari ndani ya kidukari. Naye hula nekta. Tundu lake la kutokea huwa na kingo zilizochanika-chanika, wakati la yule wa kwanza huwa mviringo safi wenye kifuniko, na kwa alama hiyo wawili hao waweza kuhesabiwa mbalimbali hata baada ya kuruka.